Wembe wa kukunja wa Solingen unavuta ndevu badala ya kunyoa. Ninunue kinoo cha namba ngapi?

Kijana wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina wembe wa kukunja wa kizamani, ule wenye mpini unaofunika makali. Mjomba ndiye aliyenipa. Ni mali ya babu, alifanya kazi bandarini hapa Kigoma, na alipewa na nahodha Mjerumani wa Goetzen, meli ambayo leo ni Liemba, mwaka 1915. Kwenye shingo ya chuma pameandikwa Solingen, mji wa Ujerumani unaotengeneza visu na nyembe. Nina saluni ya kiume Mwanga na Jumamosi nataka nianze huduma ya ndevu kizamani: povu, taulo la moto, wembe. Shida ni kwamba wembe unavuta. Shavuni unapita vizuri, nikifika juu ya mdomo na kwenye kona za kidevu machozi yananitoka. Nimeupitisha kwenye jiwe la kunolea visu, bado. Naomba mnitajie namba ya kinoo niagize Dar kije na basi, muda umenibana sana.

Mzee wa Isevya

Mdogo wangu, hilo jiwe la visu lirudishe jikoni. Chembe zake ni kubwa, linaacha makali yana meno meno, na wembe wenye meno hauwezi kupita kwenye ndevu bila kuzivuta. Namba ya kinoo ikipanda, chembe zinakuwa ndogo zaidi. Tafuta kinoo cha maji cha 1000, kingine cha 4000 au 5000, umalizie na 8000. Cha 12000 ni kizuri ukikipata, lakini 8000 iliyofanyiwa kazi sawasawa ikifuatiwa na mkanda wa ngozi inanyoa bila tatizo.

Kabla ya wembe, sawazisha kinoo chenyewe. Kichore mistari ya penseli, weka msasa wa maji wa 400 juu ya kipande cha kioo, mwagia maji, sugua mpaka penseli yote ifutike. Kinoo kilichobonyea katikati hakigusi makali yote. Kisha laza wembe: mgongo na makali viguse kinoo kwa pamoja, muda wote. Usiinue mgongo hata kidogo. Unene wa mgongo ndio unaoyapa makali pembe yake, nyuzi 16 au 17 hivi, na ukiinua umeharibu hesabu ya kiwandani. Bandika tabaka moja la tepu ya umeme mgongoni ili usilike. Sukuma makali yakiwa mbele, anzia kisiginoni, yaani upande wa mpini, umalizie nchani kwa mshazari, geuza kwa kuviringisha juu ya mgongo, rudi. Mkono mwepesi.

Kazi yote iko kwenye 1000. Paka maka peni kwenye makali, piga pasi chache, tazama: penye wino hapajaguswa. Usipande namba mpaka wembe uweze kukata malaika ya mkono kuanzia kisigino hadi ncha, bila kuruka mahali. Watu wanakimbilia 8000 wakidhani itarekebisha makosa ya chini. Hairekebishi, inang'arisha tu kilichopo.

Kwenye mkanda ni kinyume, mgongo unatangulia. Pasi 20 upande wa turubai, 50 upande wa ngozi, mkanda umekazwa. Ukilegea, makali yanaviringika.

Sasa nijibu hili. Juu ya mdomo tunanyoa kwa ncha. Katikati ya wembe inanyoa na ncha ndiyo inayokataa? Weka picha ya ncha, ya karibu.

Fundi Rangi Bangwe

Kuagiza Dar kwa ajili ya Jumamosi ni kujichosha. Nenda duka la rangi za magari, chukua misasa ya maji 1500, 2000, 2500 na 3000, kata vipande, vilaze kwenye kioo cha dirisha cha milimita 6 ukiwa umelowesha chini na juu ili vishike. Ila hapa, wakati wote vuta makali yakiwa nyuma. Ukisukuma makali mbele unachana msasa na wembe unaharibika. Halafu jihadharini na namba. Namba za msasa si namba za vinoo: msasa wa 2000 una chembe za karibu maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani ni jirani na kinoo cha 1000, wakati kinoo cha 8000 kiko chini ya maikroni 2. Kwa hiyo ukifika msasa wa 3000 hujafika mwisho. Lazima umalizie na polishi ya kijani kwenye ngozi.

Nesi wa Katubuka

Nyie mnajadili namba, mimi nimeona neno saluni. Kaka, huo wembe ni wa uso wako peke yako. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza, hata kama damu huioni kwa macho. Kufuta na spiriti hakutoshi, kwa sababu povu na damu vinaingia kwenye msumari unaoshika wembe na mpini, na ndani ya mpini, na huko kitambaa hakifiki. Kuchemsha nako kutapindisha mpini kama ni selulodi, ile plastiki ya kizamani, na kutu itaota kwenye msumari. Wateja wanyoe kwa kile kishikio cha kinyozi cha kuchomeka nusu ya wembe mpya. Unauvunja mpya mbele yake, ukimaliza unautupa kwenye chombo kigumu. Anayeketi kwenye kiti chako hana namna ya kujua nani alikaa kabla yake.

Kijana wa Gungu

Asanteni. Nesi nimekusikia, lakini wanachotaka wateja ni huo wembe wenyewe, na bango limeshachorwa, lina picha yake. Vishikio vya kuchomeka kila saluni inavyo.

Mzee shikamoo. Ni kweli, ncha ndiyo inayokataa. Picha inagoma kupanda, mtandao hapa ni wa kubahatisha.

Mzee wa Isevya

Marahaba. Basi ieleze kwa maneno. Ncha ina rangi gani? Nani aliushika kabla ya hilo jiwe la visu?

Kijana wa Gungu

Rangi ya kawaida. Kulikuwa na ubluu kidogo, nikausugua na polishi ya vyuma ukaondoka.

Fundi Rangi Bangwe

Ubluu ulitoka wapi mkuu? Jiwe la mkono halitoi bluu.

Kijana wa Gungu

Sawa. Kulikuwa na vishimo vya kutu karibu na ncha. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea, akapitisha grenda kidogo tu, hazikuzidi dakika mbili. Kutu yote ilitoka na wembe ukang'aa kuliko nilivyoupokea. Jamaa anajua kazi, wachinjaji wa hapa wote wananoa kwake. Zipo nyembe mbili nyingine za mjomba ambazo nimeshamwachia na nusu ya hela nimelipa. Swali langu ni kinoo, tusitoke nje ya mada.

Mzee wa Isevya

Mada ni hiyo hiyo mdogo wangu, hatujatoka. Wembe ni mwembamba sana kwenye makali, joto la grenda halina pa kukimbilia, sekunde mbili tatu zinatosha. Chuma cha kawaida cha wembe kikifika kama nyuzi 300 za Selsiasi kinageuka bluu, na hapo ugumu kiliopewa kiwandani umepungua. Ulichosugua wewe ni rangi. Ulaini umebaki. Panga la mchinjaji linavumilia kwa sababu ni nene na halidaiwi makali ya kunyolea. Kinoo cha 8000, cha 12000, hata ukipata cha dhahabu, ncha hiyo itakubali makali jioni na asubuhi yatakuwa yamelala.

Pima hivi. Chukua tupa ndogo, igusishe kwenye ukingo wa mwisho wa ncha, ule usionyoa. Usiguse makali. Tupa ikiteleza, chuma bado ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga, kimelainika. Kisha piga pasi kadhaa kwenye kinoo na upitishe pamba taratibu kutoka mgongoni kuelekea makali, kipande kwa kipande. Palipolainika panaota unyuzi wa chuma, na pamba itanasa hapo.

Na hizo mbili, zifuate leo.

Mwana Ujiji

Mimi nimesoma kutoka juu na naona hii ni chai. Nahodha wa Goetzen, picha haipandi, fundi hana jina. Kwenye shingo ya wembe huwa kuna maandishi pande zote mbili. Upande wa pili pameandikwaje? Andika herufi kama zilivyo.

Kijana wa Gungu

ROSTFREI. Ni jina la kampuni nadhani.

Mwana Ujiji

Nilijua! Hiyo si kampuni, ni Kijerumani, maana yake haushiki kutu. Goetzen ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Chuma kisichoshika kutu kilianza kutangazwa 1912 na 1913, kwa kampuni ya Krupp kule Essen, Ujerumani, na kwa mtaalamu wa vyuma Brearley kule Sheffield, Uingereza. Kilikuwa bado kigeni hata kwao. Nahodha wa 1915 angeutoa wapi wembe wa namna hiyo ampe babu? Mleta uzi anatafuta hadithi ya kupandishia bei, kesho tutauona sokoni ukiitwa wembe wa Kaizari.

Kijana wa Gungu

Siuzi chochote. Nimesimulia nilivyosimuliwa na mjomba. Kama tarehe hazikubaliani, muulizeni marehemu babu.

Dagaa wa Kibirizi

Mwana Ujiji punguza. Meli iliinuliwa 1924 ikarudi kazini 1927 kama Liemba, na abiria wa kila aina wamepita bandari ile miaka yote tangu hapo. Babu anaweza kuwa aliupata baadaye na familia ikaurudisha nyuma. Uongo wa tarehe haufanyi wembe usiwepo.

Mzee wa Isevya

Hilo neno ROSTFREI mimi nalichukulia kwa uzito mwingine. Chuma cha namna hiyo hakigeuki bluu kwa joto lile nililotaja, kinahitaji joto kubwa zaidi sana. Kwa hiyo fundi aliuchoma kuliko nilivyodhani. Kijana, ulipima?

Kijana wa Gungu

Nimepima. Tupa imeuma nchani. Pamba inanasa kuanzia ncha hadi kama upana wa kidole kidogo, baada ya hapo inapita vizuri.

Mzee wa Isevya

Basi wembe umepona, umepoteza sentimita moja tu. Piga alama ya maka peni milimita mbili kupita pale pamba ilipoacha kunasa. Uondoe mwisho huo kwa mkono: msasa wa maji wa 220 juu ya kioo, wembe umesimama kwa ncha, maji mengi, na uguse kwa kidole kila baada ya pasi chache. Ukihisi uvuguvugu, simama. Usiiache kona kali, iviringishe, kona kali juu ya mdomo itakukata. Ni kazi ya saa kadhaa. Ukishafika kwenye chuma kigumu ndipo uanze 1000 kama nilivyoeleza, na usishangae ikichelewa, chuma cha rostfrei huchukua pasi nyingi kuliko cha kawaida.

Kwa Jumamosi sikiliza Nesi. Na kwa wateja wenye ndevu za kipilipili usivute ngozi sana wala usinyoe kwa kupinga uelekeo wa ndevu. Unywele uliokatwa ngozi ikiwa imevutwa unarudi chini ya ngozi, unajikunja, na wiki ijayo amejaa vipele shingoni anakulaumu wewe.

Kijana wa Gungu

Nimempigia fundi, moja bado hajaigusa, ya pili alishaanza. Hela anasema hairudi. Bango sifuti, ila kishikio cha kuchomeka nitanunua kesho sokoni. Nesi, boksi la nyembe 100 nikizivunja nusu nusu si ni wateja 200?

Nesi wa Katubuka

Ndiyo, 200. Ukimkata mtu katikati ya kazi badilisha, usimalizie na nusu ile ile. Na uchanje chanjo ya homa ya ini wewe mwenyewe, dozi ni tatu.