Aliyefiwa akiacha kuja ibadani, tumfuate au tumwache?

Kihamba cha Babu
Wakuu, habari za Jumapili. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani kwangu limeshatugawa. Kuna dada mmoja wa mtaa wetu, huku Old Moshi, mwaka jana alifiwa na mwanawe wa kidato cha pili. Homa, akalazwa, hakutoka. Mazishi yalijaa watu, kwaya tatu, mchungaji alihubiri vizuri. Tangu siku ile dada hajakanyaga kanisani. Hajahamia dhehebu lingine, hanywi, shambani anakwenda, sokoni anakwenda. Ukimuuliza anasema, "Kinanda kikianza tu naliona jeneza." Juzi wazee wa kanisa wamekwenda kwake na daftari la ahadi za michango mkononi, wakamsomea Waebrania 10:25, ile ya kutoacha kukusanyika pamoja. Akawajibu vibaya, sana. Sasa wapo wanaotaka apelekwe kwenye baraza la wazee, hata kutengwa. Mimi nasema aachwe. Mke wangu anasema ukimwacha ndiyo umempoteza. Mnasemaje?

Tomaso wa Soweto
Daftari la ahadi! Mama amezika mtoto, mnamfuata na deni la jengo. Halafu mnashangaa watu kupungua. Mimi niliacha zamani, na sababu mojawapo ni hii misiba yetu ya Uchagani. Kwaya inashuka na Coaster, inapiga pambio la kuruka mbele ya jeneza, ikimaliza inauliza pilau iko wapi. Mfiwa anabaki na sufuria za kukodi na madeni. Mwacheni dada wa watu apumzike.

Alto wa Pili
Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye pilau. Kaka Tomaso, mimi naimba tangu nilipopata kipaimara. Hiyo Coaster tunachangishana wenyewe, kila mtu anatoa mfukoni, wengine wanaomba ruhusa kazini na wanakatwa. Umewahi kuimba kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba tunamozikia, mwezi wa nne, mvua inanyesha, miguu inazama, mwenzako wa sauti ya kwanza amekatika kwa kulia na wewe ndiye unayetakiwa kuubeba wimbo hadi udongo umalizike? Njoo siku moja ujaribu, ndipo uongee habari ya sahani.

Njia Panda
Alto, msijitetee sana. Msiba wa shangazi yangu Marangu, kwaya ilimaliza kuimba kaburini, mwenyekiti wao akashika kipaza sauti akatangaza albamu mpya inapatikana garini. Garini, wakuu! Udongo bado mbichi.

Alto wa Pili
Itaje hiyo kwaya.

Njia Panda
Sitaji. Wanajijua.

Mtu wa Sakina
Tuache pilau kidogo. Sisi wa Arusha tunajua maana ya kushika ibada katikati ya msiba. Mei 2016, ile ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, mji mzima ulijaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, majeneza yamepangwa mbele, wazazi wamekaa kwenye viti. Pale hapakuwa na mtu mwenye maneno. Kilichobaki ni sala. Na Olasiti je? Bomu lilirushwa kanisa likizinduliwa, watu wakafa, na waumini wakarudi pale pale kusali. Kama kila mmoja angesema "nikifika mlangoni naona damu", leo kusingekuwa na parokia. Imani ni kurudi, jamani. Dada arudi.

Katekista Mstaafu
Mtu wa Sakina, tarehe zako zimeyumba. Ajali ya Karatu ni Mei 6, 2017, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Olasiti ni Mei 5, 2013, Jumapili, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, balozi wa Papa akiwepo. Waliofariki ni watatu.

Lakini hoja yako ndiyo yenye shida zaidi kuliko tarehe. Uwanjani umati unakubeba, hata usiyeweza kusimama unasimamishwa na mabega ya jirani. Huyu dada hakuanguka siku ya umati. Ameanguka baadaye, turubai limeshakunjwa, jamaa wa Dar wamesharudi, na Jumapili ni yeye na benchi. Usichukue ujasiri wa mji mzima ukautoza kwa mtu mmoja.

Sisi Wakatoliki tuna njia moja inayosaidia mtu wa namna hii: anatoa nia ya misa. Hata asipofika, jina la mtoto wake linatajwa altareni, na Novemba 2 linatajwa tena pamoja na marehemu wote. Anajua kuna mahali mwanawe bado anatajwa.

Mmachame Asilia
Ahaa, tumefika kwenye kuombea wafu sasa. Na nia ya misa haina bahasha yake?

Katekista Mstaafu
Ina sadaka yake, na asiye nayo haachwi. Wewe umeona bahasha tu katika yote niliyoandika?

Mmachame Asilia
Nimeona na "altareni". Marehemu yuko mikononi mwa Bwana, hahitaji karani wa kumkumbusha Mungu jina lake.

Mzee wa Kiusa
Vijana wangu, nawasalimu. Mmachame, karani umemtoa wapi? Mama ndiye anayehitaji kusikia jina, si Mungu. Lakini tuliache, maana mtagombana hadi Pasaka.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu na nimesimama kwenye makaburi mengi ya mlimani. Kila mara tunasoma Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", tunafunga kitabu. Nani kati yenu amewahi kusikia sura ya 3 ikisomwa msibani, pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa? Ni Ayubu yule yule. Na fungueni Zaburi ya 88, msome hadi mstari wa mwisho, mniambie shangwe iko wapi. Nyingine huanza kwa kilio zikaishia kwa sifa. Hii inaishia gizani, na imo humo humo pamoja na zile tunazoimba na vigelegele. Walioziweka pamoja hawakumwondoa mtu yule ibadani kwa sababu hakumalizia na "Haleluya".

Sisi tumemwondoa. Tumejenga ibada ambayo mfiwa ana nafasi siku ya mazishi tu, Jumapili inayofuata anatakiwa awe amepona, apige makofi. Dada huyo akiwafokea wazee, na wale marafiki wa Ayubu walisema maneno mazuri ya dini tupu, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao, sura ya 42. Aliyefoka ndiye aliyeambiwa amenena yaliyo sawa.

Tomaso wa Soweto
Mzee shikamoo. Umesema vizuri kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Lakini hata Ayubu hakupikia kwaya.

Alto wa Pili
Wewe una ugonjwa wa pilau.

Mpakwa wa Njoro
Bwana Yesu asifiwe. Dada huyo ana roho ya huzuni, afunguliwe, aje apate maombi. Madhehebu ya zamani hayana nguvu, ndiyo maana watu wake wanakaa nyumbani na majeraha. Kwetu mtu anaingia analia anatoka anacheka.

Mmachame Asilia
Mtumishi, hapa Moshi unasema hivyo? Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Wengi walikuwa watu wenye maumivu kama ya dada huyu. Ndiyo maana namuunga mkono mke wa mleta mada: ukimwacha, kuna atakayemwokota.

Mpakwa wa Njoro
Usihukumu, wale walikwenda kwa imani yao. Kwani mabasi hayaui watu, na mnapanda?

Njia Panda
Hatuambiwi kwamba basi linaponya.

Mama wa Rau
Mnanisamehe, huwa nasoma tu, siandiki. Mimi ni mfiwa. Mume wangu alifariki na mimi niliacha kanisa kama huyo dada, ingawa kwangu haikuwa kinanda. Kwangu ilikuwa matangazo. Wanasema "tuwakumbuke wafiwa wetu, tunaomba wasimame", unasimama, kanisa zima linakugeukia, unakaa. Juma lingine tena. Nikaona bora nibaki na kuku wangu.

Walikuja wengi kunishauri. Mmoja akasema Mungu amempenda zaidi. Nikamuuliza, mimi na wanangu hatupendi? Akaondoka. Aliyenirudisha ni mama mmoja wa umoja wa wanawake ambaye hakunishauri kitu. Alikuja mchana, akakuta mahindi kwenye gunia, akavuta kigoda, akaanza kupukuchua. Tukapukuchua hadi jioni, habari za watoto, habari za maji kukatika. Akawa anakuja. Kuna siku alikuta nalia, akaendelea na gunzi lake mpaka nilipomaliza, hakusema "nyamaza". Halafu Jumamosi moja akasema, "Kesho saa moja napita hapa. Ukiwa umevaa tunakwenda, ukiwa hujavaa nitakuja Jumatatu." Nilikuwa sijavaa. Jumatatu akaja, hakuuliza. Nilivaa baadaye sana.

Hadi leo nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na matangazo yakianza natoka nje. Wimbo wa kutubu ndio ninaouweza. Wa shukrani nafumba mdomo. Nadhani Mungu anajua.

Tomaso wa Soweto
Mama, pole sana. Huyo ndiye Mkristo wa kweli. Na nimeona hakuuliza pilau.

Alto wa Pili
Mama wa Rau, samahani nikuulize: huyo mama anaimba kwaya?

Mama wa Rau
Ndiyo. Soprano.

Alto wa Pili
NASEMA TENA. SOPRANO.

Njia Panda
Mmoja katika kwaya nzima. Wengine wako garini wanauza albamu.

Mtu wa Sakina
Mimi sijajibiwa. Nilisema imani ni kurudi, na huyu mama naye karudi. Kwa hiyo?

Katekista Mstaafu
Amerudi baada ya kusubiriwa. Soma tena pale kwenye "hakuuliza".

Kihamba cha Babu
Wakuu nashukuru, hasa Mzee wa Kiusa na Mama wa Rau. Nimemsomea mke wangu, amenyamaza, halafu akaniuliza gunia letu la mahindi liko wapi. Lakini baraza linakaa Alhamisi na mimi nimo. Nisimame nisemeje? Maana mwenyekiti ni yule yule aliyejibiwa vibaya.

Mzee wa Kiusa
Uliza kwanza kosa linaandikwaje kwenye kumbukumbu za kikao. "Amelia sana"? Karani akishika kalamu mtaona inavyokuwa vigumu. Na usiende na Zaburi ya 88, watakuona unafundisha. Omba tu daftari la ahadi libaki ofisini.

Mmachame Asilia
Mzee, daftari nalo lisisingiziwe. Usharika unalipa umeme kwa nini, kwa machozi?

Tomaso wa Soweto
Alipe anayekula.

Alto wa Pili
Tomaso, sikiliza. Jumamosi tuna mazishi Uru, tunaondoka Mbuyuni saa tatu asubuhi, kuna kiti kimoja kwenye Coaster, nauli yako nalipa mimi. Tutaimba, tutazika, tutapanda gari. Ukimwona mwanakwaya mmoja na sahani, njoo uandike hapa jina langu na picha.

Tomaso wa Soweto
Nakuja. Ila msiba wa Uru bila kula, wenye msiba watakasirika.

Njia Panda
Na mtori je, unahesabiwa?

Alto wa Pili
Mtori ni wa wote.