Glaida ya rimoti inanyanyua pua: nipunguze risasi au nirekebishe mkia?

Wakuu, naomba ushauri. Glaida (ndege ndogo isiyo na injini) ina bawa la mita 2 kutoka ncha hadi ncha, upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma sentimita 20, uzito gramu 930. Ikirushwa inapanda, inakosa kasi, inadondosha pua, inapanda tena. Risasi (ile metali nzito) ya gramu 30 puani imesogeza kitovu cha uzito kutoka milimita 70 hadi 60 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, bila nafuu. Ikiteremshwa kwa nyuzi 30 na fimbo ya rimoti ikaachiwa, inajinyanyua kwa nguvu: dalili ya pua nzito inayobebwa na mkia. Waya wa sevo (mota ndogo inayosogeza usukani wa mkia) haupindi (ukipinda, jaribio hilo hudanganya).

Nitoe risasi gramu 5 kwa 5 hadi milimita 66, nikirekebisha trimu (mkao wa usukani fimbo ikiwa katikati) kila mara, au nianze kwa kuinua ukingo wa mbele wa mkia nusu milimita?