Je, benki za damu zimuulize mchangiaji asili ya wazazi wake?

Tabasamu: Wakuu, naleta hoja. Mgonjwa wa selimundu akiongezewa damu mara kwa mara, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za wachangiaji. Makundi ya damu ya ABO na Rh yakiwa sawa, bado kuna makundi mengine: Kell, Duffy, Kidd. Utafiti wa Marekani mwaka 1990 uliwakuta na kingamwili hizo kama asilimia 30 ya wagonjwa hao, na ukataja kwamba wachangiaji wengi walikuwa Wazungu. Kwa jamii iliyochanganyika kama Brazil, mimi nasema mchangiaji aulizwe asili.

Panga_Butu: Damu ni damu. Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitenga damu ya Weusi, na Msalaba Mwekundu wa kule haukuacha hadi 1950. Unaturudisha huko?

Fundi_Maabara: Mkuu, wale walitenga kwa ubaguzi. Hapa mgonjwa anatafutiwa chembe zitakazodumu mwilini mwake. Hujawahi kuinua kwenye mwanga mrija wa kupima kama damu ya mchangiaji inapatana na ya mgonjwa, ukakuta chembe zimeshikamana donge moja, ukitikisa hazitawanyiki. Unachukua mfuko mwingine, donge tena. Na mama wa mtoto yuko pale dirishani anasubiri jibu.

Kisiki: Shida ni hawa waliochanganyika. Mzazi mmoja huku, mwingine kule, lazima damu zigombane tu.

Nusu_Kamili: Kisiki, unamwambia nani? Mimi mama yangu wa huku, baba yangu wa kule, na nachangia damu tangu chuoni. Futa hiyo kauli.

Kisiki: Dada, sijakutukana. Nimeongea kisayansi.

Fundi_Maabara: Kaka, hiyo siyo sayansi. Antijeni, yaani alama zilizo juu ya chembe, alizorithi mtu kwa wazazi wote wawili mwili unazijua kuwa ni zake. Kingamwili huja kwa antijeni ambayo mgonjwa hana. Halafu kuna jeni za HLA, ziko kromosomu ya 6, ndizo zinazohusika kuzionyesha seli za kinga kipande cha kitu kigeni. Aina ya jeni hizo iitwayo HLA-DRB1*11 imehusishwa na kingamwili dhidi ya Kell; DRB1*04 na DRB1*15 zimehusishwa na ile dhidi ya Duffy a, antijeni mojawapo ya kundi la Duffy. Ndiyo maana wawili wanaweza kupewa damu ya aina moja, mmoja akatengeneza kingamwili, mwenzake miaka nenda rudi hana kitu.

Panga_Butu: Basi umenisaidia. Kama ni jeni, pimeni jeni. Brazil kwenyewe rangi anayojitajia mtu haitabiri vizuri asili yake kwenye jeni. Fomu itawaambia nini?

Tabasamu: Itapunguza pa kutafutia. Weusi wengi hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, na kuikosa huko ndiko kunakowakinga kwa kiasi kikubwa na aina ya malaria iitwayo vivax. Huwezi kumpima kila mchangiaji kila kitu.

Fundi_Maabara: Ila rangi pekee haitoshi. Philadelphia waliwapa wagonjwa damu ya Weusi wenzao, Rh na Kell zikalinganishwa, na kingamwili za Rh zikatokea bado. Matokeo yalitoka 2013. Jeni za Rh za wengi wao zina maumbo ambayo vipimo vya kawaida havioni.

Mama_Pacha: Mwanangu ana selimundu. Aliongezewa damu, siku chache baadaye macho yakawa njano, mkojo kama kola. Kule tulikotibiwa mwanzo hawakuandika popote kwamba ana kingamwili. Ninyi mnabishania wazazi wa watu! Mpeni mgonjwa kadi yenye kingamwili zake, aende nayo kila hospitali.

Fundi_Maabara: Pole sana mama. Kadi ni muhimu kweli, maana kingamwili hupungua hadi kipimo kisizione, ila mwili haujasahau.

Nusu_Kamili: Mama, nakuunga mkono. Na fomu ikiniuliza nitajaza asili zote mbili, kwa herufi kubwa. Lakini Kisiki, kauli yako bado iko pale juu.

Kisiki: Na itabaki. Nani kaniletea ushahidi?

Mama_Pacha: Fundi kakuletea, mwanangu. Soma kwanza.