Mwanangu ana A- ya hesabu na D ya Kizungu, tujaze kozi gani KUCCPS (wale wanaogawa nafasi za vyuo)?

MamaWawili_Kisauni
Asalaam aleikum wenzangu, nisaidieni kabla sijapasuka kichwa. Kijana wangu kamaliza form four, matokeo ndo haya: hesabu A-, fiziksi B+, kemia B-, bio C, dini C, jiografia C-, Kiswahili D+, Kizungu D. Wastani C+ ya pointi 50, kwa yale masomo saba yanayohesabiwa. Mnaiona hiyo D+ ya Kiswahili? Mtoto wa Kisauni, bibi yake hajui lugha nyingine tangu azaliwe, nikiwaambia watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Tangu darasa la tatu yuko hivyo, mpe feni mbovu atakutengenezea, mpe ukurasa mmoja atausoma nusu saa na asikwambie kasoma nini.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Babake ataka uinjinia wa digrii na si kitu kingine, asema diploma ni ya waliofeli. Mjomba wake ana ofisi ya kliaring mjini, ya kutoa mizigo bandarini, ataka asomee biashara amchukue. Mwenyewe ukimuuliza ni "chochote tu mama". Potali iko wazi na siku zinakwenda.

Fundi_Changamwe
Waleikum salaam mamangu, hongera kwanza, A- ya hesabu si mchezo. Watu hutazama wastani peke yake, makosa yanaanzia hapo. Hesabu ya klasta, yaani alama za kugombea kozi, ni hivi, A ni pointi 12, wanachukua pointi za masomo manne ya ile kozi wanagawa kwa 48, wanazidisha na pointi zako zote zikigawiwa kwa 84, wanatafuta kipeuo cha pili halafu mara 48. Kwa uinjinia kijana ana 11 ya hesabu, 10 fiziksi, 8 kemia na 6 ya bio, jumla 35. Nimepiga kwa simu imekuja kama 31.6. Na kozi nyingi za uinjinia zataka C+ kwenye hesabu, fiziksi na kemia, hizo anazo na zaidi. Lugha humo haimo, ishamla kwenye zile 50 basi. Akienda biashara lugha inaingia kwenye klasta yenyewe, yaani ile D+ inamuuma mara mbili. Mjomba mwambie asubiri.

Ila msijaze kwa pupa. Angalieni kwenye potali kila kozi mwaka jana ilifungia klasta ngapi, weka moja iliyo juu kidogo ya hiyo 31.6 kujaribu bahati na zingine ziwe chini yake, na soma mahitaji mpaka mwisho maana kuna kozi zinataka gredi fulani ya Kizungu hata kama klasta haikitaji. Halafu ulizeni kama EBK, bodi ya kusajili mainjinia, wameikubali hiyo kozi. Binamu yangu alisoma miaka mitano chuo fulani, sitakitaja, kumaliza ndo aambiwa kozi yake haimo kwenye orodha, hasajiliwi kama injinia. Zile digrii za teknolojia ni mlango mwingine, wana bodi yao ya kuwasajili, KETRB, si mbaya lakini ujue unaingia wapi.

kijiti_cha_moto
Uinjinia wa nini na mainjinia wanaendesha boda. Mpeleke kwa mjombake ale pesa mapema, Kizungu atajifunzia bandarini

Mwalimu_Mtongwe
Mama mimi nafundisha Kiswahili sekondari huku Likoni na hiyo D+ hainichekeshi, naiona kila mwaka. Watoto wetu wanaingia kwenye mtihani na Kimvita cha nyumbani wakidhani wanajua, karatasi ya pili inawauliza ufupisho na sarufi, ya tatu ni fasihi tupu na vitabu hawajafungua. Lakini kilichonishtua mimi si gredi, ni hiyo nusu saa kwa ukurasa mmoja. Lugha zote mbili chini, dini na jiografia ambazo ni za kusoma sana ziko katikati, za namba ziko juu. Huo si uvivu. Kuna watoto wana akili zao timamu lakini herufi zinawachezea. Mpeleke akapimwe, kuna vituo vya serikali vya kupima wanafunzi vinaitwa EARC, kisha akiingia chuo apeleke karatasi ya vipimo mapema aombe muda wa ziada kwenye mitihani, wao hawatajua usipowaambia.

Na hiyo "chochote tu", mtoto aliyeitwa mzito tangu darasa la tatu hathubutu kutaka kitu. Usimuulize kozi. Muulize ataka siku yake iweje, yuko wapi, kashika nini mkononi.

baharia_wa_zamani
Naongezea kidogo. Mimi nilikuwa fundi injini melini. Mtu wa kufungua feni ana Bandari Maritime Academy hapo hapo Mombasa, ana TUM, chuo kikuu cha ufundi pale Tudor, ambako kuna diploma za umeme na mitambo. Diploma yataka C- tu, yeye ana C+, na akimaliza vizuri njia ya digrii ipo, babake ajue hilo. Lakini meli nisikudanganye, insha hakuna ila Kizungu kiko palepale, sheria za STCW, zile za kimataifa za mabaharia, zataka ofisa wa injini aweze kusoma vitabu vya mashine kwa Kizungu na aelewane na wenzake. Mimi changu kilikuwa kibovu, mkuu wangu Mfilipino, mwezi wa kwanza naitikia yesi yesi kila kitu mpaka siku nikafunga valvu isiyo yenyewe. Kilichonifungua ni kitabu cha pampu, si cha hadithi, kwa sababu pampu nilikuwa naijua tayari, maneno yalikuja yenyewe. Mpe hivyo vya mashine asome.

MamaWawili_Kisauni
Wallahi mmenifaa. Jana usiku nikafuata maneno ya mwalimu, sikumuuliza kozi nikamuuliza siku. Kanyamaza weee, halafu asema ataka kuwa pale wanapotengeneza zile kreni za bandarini. Kumbe kila tukivuka feri kwenda Likoni husimama upande ule azitazame, mimi miaka yote nilidhani atazama maji. Tumekaa na simu mpaka saa sita, uinjinia wa umeme juu, mitambo chini yake, diploma ya TUM tumeiandika pembeni tukikosa. Mjomba kakubali kwa shingo upande. Babake bado, sasa asema heri arudie form four apate B.

Fundi_Changamwe
Arudie lini na huu mfumo wa masomo wa 8-4-4 wenyewe unafunga 2027, na hiyo nusu saa kwa ukurasa bado haijapimwa? Atarudia na kupata D ile ile.

MamaWawili_Kisauni
Nitamuonyesha hii asome mwenyewe. Mwalimu, hiyo EARC wampokea mtu wa miaka 18 ama ni ya watoto wadogo tu?

Mwalimu_Mtongwe
Anza kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, wao watawaelekeza. Beba ripoti zake za praimari kama hujazitupa, hasa za darasa la tatu.