Mdogo wangu kachomwa sindano za hipsi, sasa ana vinundu haviishi

MamaJ_Igoma: Habari wadau, naombeni ushauri. Mdogo wangu alichomwa sindano za kuongeza hipsi saluni moja huku Kirumba, Mwanza, chumba cha nyuma. Mwezi wa kwanza poa kabisa, anapendeza, anaposti, sasa vimeota vinundu vigumu vya zambarau na kimoja kinatoa majimaji. Aliyemchoma anasema dawa inajipanga, akande maji ya moto ameze azuma (ile antibayotiki). Kameza dozi mbili, wapi!

Sangara_mbichi: Inajipanga foleni ya wapi, kivuko cha Kigongo? Siku hizi kuna daraja 😂 mpeleke hospitali

Nesi wa Ziwa: Pole dada. Asikande, asiminye, na azuma aache. Vinundu vya kuchelewa hivyo mara nyingi sio jipu la kawaida, kuna bakteria ndugu zake wa TB (sio TB yenyewe) wanaishi hata kwenye maji ya bomba, sasa mtu akichanganya dawa kienyeji anawapandikiza chini ya ngozi. Amoksilini hawaisikii, azuma peke yake inawajengea usugu, tiba yake ni dawa zaidi ya moja na ni miezi. Aende hospitali ya Bugando au Sekou Toure wachukue usaha au kinyama wakaoteshe maabara waone ni mdudu gani, na aseme wazi ni sindano ya urembo, maana maabara wasipoambiwa watafute hao majibu yatarudi hakuna kitu.

MamaJ_Igoma: Alichochomwa hatujui, kichupa hakina lebo

Nesi wa Ziwa: Kipateni hicho kichupa muende nacho. Kama ni asidi ya hayaluroni kuna dawa ya kuiyeyusha, ila silikoni haiyeyuki, inashikana na nyama, kuitoa ni kisu. Hata FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha fila (dawa ya kujazia) yoyote ya makalio. Halafu bomba la sindano lilifunguliwa mbele yake? Wamarekani wenyewe 2018 wanawake walipata VVU kwenye spa isiyo na leseni kule New Mexico, sindano za usoni. Zile saa 72 za kuanza PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya hatari) zimeshapita, apime sasa VVU na homa ya ini B na C, arudie baada ya miezi mitatu.

MamaJ_Igoma: Sindano anasema zilikuwa kwenye kibakuli tayari 😭 na anaogopa manesi watamsema

Nesi wa Ziwa: Watamsema, sikudanganyi, tunapenda kusema. Halafu watamhudumia. Ila akipata homa kali au kifua kikabana msisubiri kesho, ni emajensi usiku huohuo.