Usalama kwanza, maendeleo baadaye? Tutazame Cabo Delgado

Wadau, kuna kauli inayorudiwa sana: tuwaachie wanajeshi wamalize kazi kwanza, shule na zahanati zitafuata. Naipinga, na mfano wangu uko ng'ambo tu ya Mto Ruvuma: Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji.

Palma na Mocímboa da Praia ni miji ambayo Kimwani, Kimakonde na Kiswahili vinasikika kila kona. Ni ndugu zetu. Mwaka 2010 gesi nyingi ikagunduliwa baharini upande wao. Oktoba 2017 vijana wenye silaha wakavamia vituo vya polisi Mocímboa. Wanajinadi kwa dini, na sikatai kwamba mahubiri ya chuki yalipenya. Lakini yaliwakuta watu katika hali gani? Huku wavuvi na wakulima wanatakiwa kupisha mradi wa gesi, kule Montepuez, ndani ya jimbo hilohilo, mwaka huohuo, wachimbaji wadogo wa rubi wanatimuliwa machimboni. Kuni zilikuwa zimeshakauka. Oktoba 2020 moto ukavuka mto hadi Kitaya, Mtwara.

Linaloniuma zaidi ni mikopo. Kati ya 2013 na 2014 serikali ya Msumbiji ilidhamini madeni ya takriban dola bilioni 2 kwa kampuni tatu za umma: ProIndicus, EMATUM na MAM. Wananchi wakaambiwa ni boti za kuvua jodari. Nyingine, za doria na ulinzi wa pwani, hawakuambiwa kabisa. Sehemu kubwa ya deni ilifichwa, hata Bunge halikujua, hadi 2016. Lilipofichuka wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti, metikali, sarafu ya Msumbiji, ikaporomoka, mama wa sokoni akalipa kwa bei ya mkate. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Na pwani yenyewe? Agosti 2020 wapiganaji waliiteka bandari ya Mocímboa wakakaa nayo karibu mwaka mzima.

Najua mtaniuliza kuhusu Palma. Ni kweli, iliposhambuliwa Machi 2021 kampuni ya Ufaransa ya Total ilisimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20, na bila askari wa Rwanda walioingia Julai mwaka huo Mocímboa isingekombolewa Agosti. Walionusurika wana haki ya kuwashukuru, na mimi nawashukuru pia. Huwezi kumjengea mtu darasa nyumba yake ikiwa inaungua.

Ila mtutu uliirudisha Mocímboa, haukumaliza vita. Mei 2024 mji wa Macomia, katika jimbo hilohilo, ukavamiwa. Chiúre, kusini kabisa mwa jimbo, watu wamekimbia makwao mwaka huohuo na tena 2025. Ukiweka ulinzi mkali Afungi, kwenye eneo la gesi, halafu mkulima wa Chiúre analala porini na watoto, umelinda kitega uchumi. Hiyo mimi siiti usalama wa taifa. Mkulima huyo akimwona mgeni kijijini, atatoa taarifa kwa nani, kama serikali anaijua kwa askari wa vizuizi vya barabarani peke yake?

Kwa hiyo msimamo wangu: fidia ya ardhi, ajira za wenyeji na zahanati ni sehemu ya ulinzi tangu siku ya kwanza, na mkopo wa silaha upite bungeni kama mkopo wa barabara. Anayeamini siri ya jeshi lazima ihusu hata deni tutakalolipa sisi, aeleze hapa siri hiyo ilimlinda nani Msumbiji.