Udi wa kwanza: wa Misri, wa Kituruki au gambusi?

GitaaKuukuu (Tanga)
Habari za jioni, wakuu. Nimepiga gitaa miaka 12, sana sana harusini na kwenye bendi ya mtaani kwetu. Sisi wa Tanga tumezaliwa tukaikuta taarab ina gitaa na besi, kazi ya vikundi vya akina Black Star na Lucky Star miaka ya 60, kwa hiyo sijawahi kuona haja ya kutafuta kingine. Ila mwaka jana nilikaa nyuma ya mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, kwenye maulidi ya harusi Pangani, usiku kucha, na tangu siku hiyo gitaa langu linanisikitisha.

Nimeweka laki nane. Kuna njia tatu. Rafiki yangu anakwenda Cairo mwezi ujao, anaweza kuniletea udi mpya wa wanafunzi. Dar kuna mtu anahama na anauza udi wake wa Kituruki. Nimeusikia kwa simu tu, una sauti kali, inang'ara. Na Mombasa kuna fundi yuko tayari kunichongea gambusi kwa nusu ya hela hizo. Kikundi chetu kina kodiani, gitaa la besi, dumbaki na waimbaji wawili. Mwalimu wa karibu sina. Nianze na upi?

NyuziKumiNaMoja (Unguja)
Karibu sana mwanangu. Nakuomba uache kwanza majina ya nchi. Nimeona udi wa Misri uliokuwa kuni, na nimeona wa Misri uliomzika mwenyewe ukaendelea kupigwa na mjukuu. Anza na shingo.

Ushike udi kama unayepima ubao, kichwa karibu na jicho lako, funga jicho la pili, tazama kuelekea kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni. Shingo iwe imenyooka, au imelala chini kidogo sana. Ikiwa imeinuka kuja mbele, rudisha, hata ukipewa bure. Kisha chukua rula, pima pale shingo inapokutana na tumbo: uzi ukiwa milimita 3 juu ya ubao wa shingo, vizuri. Ukiwa milimita 5, utabonyeza mpaka vidole vitoke malengelenge na bado sauti itakuwa juu kuliko unavyotaka, maana uzi unaobonyezwa mbali unavutika. Kwenye gitaa vile vyuma vya shingoni vinakusaidia. Udi hauna vyuma, sikio lako ndilo chuma.

Kuhusu Kituruki na Kiarabu, ndio huo wa Misri, tofauti ipo na si ya maneno. Urefu wa uzi kutoka kijiti cha juu mpaka darajani, kwa udi wa Kiarabu ni kama sentimita 61, kwa wa Kituruki 58 na nusu. Waturuki hufunga toni moja nzima juu yetu. Sisi hapa tunafunga Do, Fa, La, Re, Sol, Do, kuanzia ule mmoja mnene peke yake, halafu jozi tano. Ukichukua wa Kituruki na nyuzi zake ukazishusha zifuate kodiani na waimbaji wako, zitalegea na kugonga ubao. Itakubidi utafute nyuzi nene kidogo zaidi.

BintiMizingani (Unguja)
Shikamoo mzee. Naomba nipingane nawe kidogo kwa heshima.

Mimi nilianza pale DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichofunguliwa 2002, nikapewa udi wa Kiarabu mkubwa. Mikono yangu midogo. Kidole cha mwisho hakikufika mahali pake, kila siku noti ile ilikuwa chini, na mwalimu kila siku ananirudisha. Nilipoazimwa wa Kituruki wiki mbili tu, noti ilikaa. Zile sentimita mbili na nusu unazosema, mzee, kwangu ndizo zilizonifanya nisiache. Nyuzi nikabadilisha, nikafunga Do kama wenzangu, na hakuna aliyewahi kuniambia udi wangu haufai kwa taarab. Kaka GitaaKuukuu, tazama mkono wako kwanza.

Lakini kitakachokutesa wewe si mkono wa kushoto. Mpiga gitaa anapochukua risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, anaishika kama piki, kwa ncha za vidole, na kupiga kwa kuzungusha kiwiko. Risha ni ndefu, inapita ndani ya kiganja, inatokea kati ya kidole gumba na cha shahada, na kifundo cha mkono kinakunjwa kuingia ndani ndipo kinaanguka. Kinaanguka, hakisukumwi. Uzito wa mkono ndio unaotoa ile sauti nene ya kwenda chini. Mimi ilinichukua miezi mitatu, nikiwa napiga uzi mmoja tu mtupu, Re, Re, Re, mama akinipigia kelele nihamie uani.

Risha zenyewe usinunue ghali. Ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme, chukua mpana, kata sentimita 15 hivi, ncha ichonge iwe ya mviringo halafu isugue kwa msasa laini mpaka usisikie ukwaruzo kwenye uzi. Ya pembe ni nzuri zaidi, ila ya plastiki nimepigia maonyesho.

NyuziKumiNaMoja
Marahaba binti yangu. Kwa mkono mdogo nakubali. Sikulifikiria hilo.

FundiWaBandarini (Mombasa)
Mimi ni seremala, napiga jioni tu, lakini vinavyovunjika vinaletwa kwangu, kwa hivyo nasema kutokana na nilivyoshika.

Gambusi kwanza, maana wengi wanadhani ni udi mdogo. Si udi. Ni chombo cha Yemen kilichokuja na watu wake, Lamu wanakiita kibangala, Wangazija wanacho na wanakipenda mpaka leo. Kimechongwa kwenye gogo moja na uso wake ni ngozi ya mbuzi, si mbao. Sauti yake inakatika haraka, kavu, tamu sana kwa mtu mmoja anayeimba na kujipigia. Lakini ukiweka kando ya kodiani hutasikika. Na masika ngozi inalegea. Utaisogeza karibu na jiko la makaa ikaze, utapiga nusu saa, italegea tena. Kama nafasi yako ni ya chombo kimoja tu, na una kikundi, gambusi iwe ya pili. Mwambie fundi huyo akungojee, usimkatae.

Sasa hiyo safari ya Cairo. Mteja wangu aliletewa udi kwa mzigo wa ndege kutoka duka moja la huko, nyuzi zimekazwa kama za kupigwa. Alipofungua sanduku daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha uso kimefuata nalo. Uso wa udi una unene wa milimita 2, mara nyingi pungufu, na daraja limeshikwa kwa gundi peke yake. Rafiki yako alegeze nyuzi zote, si mpaka zining'inie, zishuke toni mbili tatu. Kichwa kiwekewe nguo pande zote mbili, maana pale kilipokunjwa nyuma ndipo kinapovunjika. Na ukishaupata usiuache ndani ya gari juani. Vingi vimeunganishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo ikipata joto inaachia mbavu za tumbo moja moja.

Kitu kingine, kwa kuwa unatoka kwenye gitaa: usije ukajaribu nyuzi za chuma. Nyuzi sita za chuma za gitaa huvuta zaidi ya kilo 60. Udi wenye nyuzi 11 za nailoni unavuta pungufu sana ya hapo, na ndivyo ulivyojengwa. Nimeletewa mmoja uliofungwa chuma, tumbo lilikuwa limezama kama sahani.

Mwambao_Muscat
Salamu kutoka Muscat. Huku udi unapewa nafasi kubwa, kuna jumuiya ya wapenzi wa udi tangu 2005, na vijana wengi wenye asili ya Unguja na Pemba wanajifunza. Naongeza moja tu ambalo hamkulitaja: kuna udi wa Iraki, ule aliopiga Munir Bashir, ambao daraja lake halikushikwa kwa gundi. Nyuzi zinapita juu yake na kufungwa mwisho wa tumbo. Sauti inakuwa nyembamba, safi, inafaa kupiga peke yako ukumbini. Kwa kikundi cha harusi mimi naona wa Misri una ule uzito unaobeba waimbaji.

Na kiyoyozi, ndugu zangu. Nyinyi mnaogopa unyevu, sisi hapa ukavu ndio unaopasua. Wangu ulipata ufa kando ya daraja kwa kulala chumba chenye kiyoyozi miezi ya joto. Ukilala hotelini na udi, ufungie ndani ya sanduku lake.

KodianiNyeusi (Dar)
Kaka, harusini tatizo ni spika. Maiki ukiiweka mbele ya tundu inapiga mluzi, na ukiirudisha nyuma unapotea. Mimi nimekaa na wapiga udi wengi jukwaani, wanaosikika ni wale waliobandika pikapu ndogo, kile kinasa sauti, ndani, chini ya daraja, halafu maiki wakaiacha mbali kidogo kwa ajili ya hewa. Bandika kwa gundi inayobanduka. Usimruhusu mtu atoboe udi.

GitaaKuukuu
Ahsanteni sana, sikutegemea kupata yote haya. Mzee NyuziKumiNaMoja, naomba nikuulize. Kodiani yetu imefungwa La ya hezi 440 na haina robo sauti. Kwenye makamu ya Rast, yaani ule mpangilio wa noti, ile noti ya tatu nifanyeje? Nikiipiga kwa kusikia, mwenzangu anasema nimetoka nje.

NyuziKumiNaMoja
Swali zuri, na ndilo lililogeuza taarab yetu pwani nzima. Rast ya Do, ile Mi yake inakaa katikati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu toni. Kodiani ina hizo mbili, ya katikati haina, labda iwe zile walizozifungua Wamisri wakazirekebisha ndani. Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kiungwana. Ama mpiga kodiani anyamaze kwenye noti hiyo, awaachie udi, fidla na mwimbaji, ndivyo tulivyofundishwa sisi. Ama mchague nyimbo za makamu za Nahawandi na Ajam, ambazo kodiani inazimudu bila ugomvi, na Rast uipige kwenye taksim, yaani ule utangulizi wa kubuni, peke yako kabla wimbo haujaanza. Usiisukume Mi yako ifanane na ya kodiani. Sikio lako likishazoea hivyo, halirudi kirahisi.

KodianiNyeusi
Mzee kasema kweli. Mimi hunyamaza.

GitaaKuukuu
Wakuu, narudi baada ya wiki saba.

Nilikwenda Dar kuuona wa Kituruki. Sauti yake naisikia mpaka leo. Lakini niliutazama kwa jicho moja kama nilivyofundishwa, shingo imeinuka, rula ikasema milimita 5 na ushee. Nilikaa nao kama saa nzima nikitafuta sababu ya kuuchukua, mwisho nikamrudishia mwenyewe na kumshukuru.

Rafiki yangu alipokuwa Cairo alinipigia kwa video kutoka dukani, rula mkononi. Wa kwanza ulikuwa milimita 4 na nusu, wa pili milimita 3 kasoro. Wa pili haukuwa na nakshi kabisa, tundu zake ni mbao tupu iliyokatwa. Tumechukua huo. Umefika mzima, nyuzi zimelegezwa, kichwa kimefungwa kwa shuka mbili. Wiki ya kwanza kigingi cha kukazia uzi wa Sol kilikuwa kinateleza kila baada ya dakika kumi. Nimekitoa, nikapaka chaki ya ubaoni kisha sabuni kavu, kimeshika.

Uzi mmoja wa jozi ya Do ulikatika nikakosa wa dukani. Nimeshuka hadi Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, kwa wauza zana za uvuvi, nikanunua mshipi wa nailoni wa milimita 0.60. FundiWaBandarini, kama kuna ubaya niambie mapema, ila umetulia siku ya nne sasa.

Mkono wa kulia ndiyo kwanza unaanza kuanguka. Re, Re, Re, kama alivyosema dada BintiMizingani. Alhamisi tuna mazoezi, na nimeshamwomba mpiga kodiani wetu aninyamazie ile Mi. Amekubali kwa wimbo mmoja.

FundiWaBandarini
Hauna ubaya. Hata sisi tunafunga huo huo. Badilisha zote mbili za jozi kwa pamoja, usiache mmoja mpya na mmoja wa zamani, hazitalingana.